Sikushindwa na uzito, nilishindwa na bomba

Wadau, najua wengi mmeshaiona ile klipu yangu nikinyanyua chuma cha mazoezi. Aliyeirusha ameikata kuanzia pale ninapotoa macho, akaipachika na kicheko cha katuni, kwa hiyo sasa mtaa mzima unaamini nimezidiwa na uzito. Sikuzidiwa na uzito. Naomba liandikwe hivyo.

Chuma chenyewe ni cha kujitengenezea: bomba la maji la inchi moja, urefu mita moja na nusu, na makopo mawili ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege. Lita moja ya zege ina kama kilo 2.4, kwa hiyo kila kopo linakaribia kilo 10, na ukijumlisha bomba unapata kilo 23 hivi. Mchanganyiko nao haukuwa na kasoro: simenti moja, mchanga mbili, kokoto tatu, tena zile ndogondogo zipite vizuri kati ya bomba na kopo. Upande wa kwanza ni rahisi, unasimamisha bomba kwa timazi, unalifunga kwenye mguu wa meza, basi. Kazi iko upande wa pili, maana sasa umeligeuza, na kopo lililokauka liko juu linatafuta pa kuangukia. Kamba ikilegea kidogo, bomba linainama na zege la chini linakauka likiwa kombo. Langu lilikauka kombo. (Subirini kucheka, hatujafika.)

Sasa bolti. Bomba la maji ni laini, zege halina pa kung'ang'ania. Inatakiwa utoboe ile sehemu itakayozama, matundu mawili yakatane msalaba, upitishe bolti ndefu zitokeze sentimita 3 hivi kila upande, ndipo umwage. Bolti nilikuwa nazo, ziko kwenye droo. Drili ndiyo ilikuwa kwa jirani, na jirani alikuwa amelala. Halafu zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu yake, na wiki ya kwanza unalifunika gunia bichi. Mimi nililianika juani likauke upesi.

Haya, klipu. Tuiendeshe polepole.

Chuma kiko kifuani, nakisukuma juu ya kichwa. Mara ya kwanza kinapanda vizuri, hata mpiga picha anasema "eeh!" Mara ya pili nasikia kwi... kwi... upande wa kushoto. Ni lile kopo la kombo: upande wake mzito unataka kukaa chini, mimi nimelishika bomba lisizunguke, kwa hiyo kopo linazunguka peke yake. Zege limeshaliachia bomba. Nageuza shingo nione kuna nini, na ukigeuza shingo kushoto mikono ikiwa juu, bega la kushoto nalo linashuka. Lilishuka kidogo sana, upana wa kidole. Kopo likaona njia.

Lilianza kuteleza bila haraka yoyote. Nikapata muda wa kuwaza: hapo chini kuna beseni. Kwenye beseni kuna mashuka. Mashuka si yangu.

CHUBWI!

Mnakosea mkidhani ndiyo imeisha. Kulia bado kuna kilo 10, kushoto hakuna kitu. Kulia kukashuka, kushoto kukaruka juu kukanasa kamba ya nguo, na kamba ikaja na kila kilichokuwa juu yake. Kanuni inasema chuma kikikushinda kiachie, usikifuate. Mimi nilikifuata. Nikakaa ndani ya beseni, shuka bichi kichwani, na watoto dirishani wakipiga kelele: "Anko, rudia!"

Kigae kimepasuka, kidole gumba kimevimba, beseni limezikwa, mashuka nimefua mwenyewe mara mbili. Tuendelee.

Mnaouliza kwa nini sikununua: swali zuri, na kama ni kununua kitu kimoja, nunueni dambeli za kuongeza na kupunguza sahani, zenye vifungo vya skrubu, mkavikaze upya kila seti kwa sababu vinalegea. Asiyeweza ajaze mchanga mkavu kwenye begi imara la mgongoni, lita 10 ni kama kilo 16, afanyie skwati na pushapu. Begi halina pa kuchomoka.

Na lile bomba la kopo moja sikulitupa. Ncha tupu naiweka kwenye kona ya ukuta, ncha yenye kopo naisukuma juu kwa mkono mmoja. Limekuwa zuri kuliko lilivyokuwa, tena safari hii limetobolewa, bolti zimepita, na zege jipya limekaa siku zake zote chini ya gunia. Ncha ya kwenye kona izungushieni taulo nene, la sivyo inachimba ukuta, na mwenye nyumba wangu bado hajakiona kigae.