Wageni Wangu Walikuwa Wakichefua

Bahari ya kwenda Pemba huacha mzaha mara chombo kinapoipa Nungwi kisogo, na siku ile ya kusi ilikuwa imechafuka hata mabaharia wenyewe wakawa wanatembea kwa kushikilia viti. Nilikuwa mkalimani wa wageni watano kutoka Uingereza, watu wazima waliotaka kuyaona mashamba ya karafuu, na kazi hiyo nilipewa kwa sababu moja tu: ofisini kwetu mimi ndiye niliyesifika kwa Kiingereza.

Mkoani, bandari ya Pemba, haijaonekana, roho za abiria nazo zilikuwa zimekwisha kuchafuka. Mkubwa wa wageni wangu, bibi mwenye nywele nyeupe pe, ambaye tulipong'oa nanga bandari ya Malindi, Unguja, alikuwa akitafuna korosho kwa furaha, alizirudisha zote mfukoni, ingawa si mfuko ule zilimotoka. Mimi nilikuwa nimeibana ndimu puani, jasho jembamba likinitiririka nyuma ya masikio. Bibi aliponiuliza hali nikamjibu kwa adabu zote: “Madam, I am very nauseating.” Akanipapasa mkono kwa huruma, akasema sivyo hata kidogo. Nikadhani hanisadiki, nikamsisitizia kwamba ndivyo nilivyo, na kwamba hata mke wangu anajua.

Kosa langu lilikuwa na mantiki yake. Shuleni tulifundishwa kwamba “I am laughing” ni ninacheka na “I am falling” ni ninaanguka. Basi anayechefuka aseme nini? Kiswahili kimeiweka tofauti hiyo katikati ya kitenzi: kuchefua ni kumtia mwenzako kichefuchefu, kuchefuka ni kupatwa nacho wewe, na ni herufi k moja tu inayomtenga samaki aliyeoza na mtu aliyemnusa. Kiingereza kimeitundika kazi hiyo mkiani: “nauseating” ni yule samaki, “nauseated” ni mimi. Ndivyo zilivyo pia “disgusting” na “horrifying”: zote ni za samaki. (Tusiwacheke sana Waingereza, maana hata kwetu mtu anayemuuguza mwenzake hamtii ugonjwa, bali anamkalia kitandani na kumnywesha uji.) Linaloniuma zaidi ni kwamba neno lenyewe lina asili ya baharini, kwa kuwa limetokana na “naus”, yaani meli kwa Kiyunani cha kale, na mimi nikaenda kulivuruga humo humo melini.

Mambo yangeishia majini kama nisingeandika ripoti. Niliiandika Unguja, kwa utulivu wa mtu anayetarajia kupandishwa cheo: “From Nungwi to Mkoani all the guests were sickening. The old lady was the most nauseating. I myself was appalling, but I continued with my duties.” Neno “appalling” nilikuwa nimelitafutia kamusi nzito, ikanieleza kwamba asili yake ni kupauka, na uso wangu siku ile ulikuwa umepauka kweli. Kumbe kwa masikio ya Mwingereza nimesema kwamba wageni wote walikuwa watu wa kutia kinyaa, kwamba bibi mzee aliwashinda wenzake kwa kuchefua, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa ovyo kupindukia ila sikuiacha kazi. Mkuu wangu, aliyekiamini Kiingereza changu kuliko nilivyokiamini mimi, alitia saini na kugonga mhuri, kisha akaagiza nakala wapelekewe wageni pamoja na shukrani zetu.

Jibu lilifika siku ya tatu. Mkuu aliniita, akanigeuzia kompyuta bila kutamka neno, nami nikasoma nimesimama. Bibi alieleza kwamba katika miaka 40 ya ndoa mumewe amekuwa akimdokezea jambo hilo kwa mbali, lakini hajapata kuthubutu kuliandika, seuze kuligongea mhuri. Chini kabisa aliongeza kwamba wanakusudia kurudi mwakani, na wanaomba mkalimani awe yule yule, kwa sharti kwamba yeye apande ndege.