Bao Lisubiri Kwanza

Usiku wa Ijumaa, Aprili 5, 2024, nilikuwa banda umiza, kibanda cha kutazamia mpira, la mtaani kwetu Temeke. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wengine walikuja moja kwa moja kutoka tarawehe, kanzu bado ziko mwilini, wakabanana kwenye mabenchi ya mbao na vijana wa bodaboda walioegesha pikipiki zao mlangoni. Yanga ilikuwa Pretoria kwenye marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza, kwa Mkapa, ilikuwa imeisha 0-0. Mimi ni mtu wa Simba, na usiku huohuo Simba ilifungwa 2-0 na Al Ahly kule Cairo, tukatolewa. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kwa uchungu wa Jangwani, yaani wa watu wa Yanga.

Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti. Mpira ukampita kipa Ronwen Williams, ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukadunda, ukarudi uwanjani. Banda zima likasimama. Mlio wa kwanza ulitoka kwa nguvu, kisha ukakatika katikati kama redio iliyochomolewa. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja, mikono yake yote miwili iko juu, lakini hakuishusha wala hakuruka. Aliiacha hewani, macho kwenye runinga, akimtafuta mwamuzi. Wote tulikuwa hivyo. Hakuna aliyeuliza kama mpira umeingia. Tulikuwa tunasubiri kuambiwa.

Tukaambiwa si bao. VAR, yaani waamuzi wanaokagua picha za video, ilikuwepo uwanjani usiku ule, lakini teknolojia ya mstari wa goli, mtambo unaotambua kama mpira umevuka, haikuwepo. Mechi ikaisha 0-0, Mamelodi wakapita kwa penalti 3-2. Picha za marudio zilizunguka kwenye simu mpaka daku, na kwa macho ya wengi, yangu yakiwemo, mpira ulikuwa umevuka mstari.

Naanzia hapo kwa sababu kila watu wakilalamikia soka la siku hizi, hakosekani wa kuwaambia kwamba hizo ni kero ndogo ndogo, manung'uniko ya waliozeeka na mpira wao. Bao kuchunguzwa dakika tatu, kibendera kuchelewa kunyanyuka, dakika za nyongeza zisizokwisha, kipa kuukumbatia mpira, jezi mpya kila msimu. Ukiichukua kila moja peke yake, ni ndogo kweli. Lakini hii ya kusubiri siikubali iitwe ndogo. Bao ndilo jambo pekee kwenye mpira linalomfanya mtu amkumbatie asiyemjua, na sasa limewekewa foleni.

Wanaoitetea VAR nawasikiliza, maana wana kesi nzito. Kombe la Dunia la 1986 Maradona aliwafunga England kwa mkono pale uwanja wa Azteca, Mexico, na bao likasimama. Novemba 2009 Thierry Henry aliuweka mpira sawa kwa mkono, William Gallas akafunga, Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia na Jamhuri ya Ireland ikabaki nyumbani. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe hilo kule Bloemfontein, Afrika Kusini, shuti la Frank Lampard lilivuka mstari wa Ujerumani kwa umbali ambao hata sisi tuliokuwa tukitazama kwa runinga ya chogo tuliuona. England walikuwa nyuma 2-1, wangesawazisha. Mwamuzi akapeta, Ujerumani wakashinda 4-1. Mtu aliyewahi kuibiwa hivyo humwambii habari za utamu wa kushangilia papo hapo. Atakuuliza, utamu wa nani?

Na wanaoishi na VAR kila wiki hawajaikimbia. Juni 2024 Wolves walipeleka hoja kwamba Ligi Kuu ya England iachane nayo. Klabu 20 zikapiga kura: 19 zikataka ibaki, moja ikakataa, nayo ni Wolves wenyewe. Norway kulikuwa na vurugu zaidi. Julai 2024 mashabiki wa Rosenborg walirusha kababu za samaki na mipira ya tenisi uwanjani kuipinga VAR mpaka mechi yao na Lillestrøm ikavunjwa. Machi 2025 mkutano wa shirikisho lao ukapiga kura, 321 kwa 129, VAR ikabaki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa wanakilalia, kunguni wanawajua, na bado wamekichagua. Ni Sweden tu, miongoni mwa ligi zenye jina Ulaya, walioikataa tangu mwanzo, na kule wanachama ndio wenye kauli kwenye klabu zao.

Sasa upande wa pili. Tuliahidiwa haki, na mara nyingi tumepata makosa yaleyale yakiwa yamechelewa. Septemba 30, 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham bao safi. Mshika kibendera akasema ameotea. Waamuzi wa video wakaangalia, wakaona hakuotea, lakini wakadhani uwanjani bao lilikuwa limekubaliwa. Wakajibu kwamba ukaguzi umekamilika, mchezo ukaendelea, bao likapotea hivyohivyo. Liverpool walifungwa 2-1. Kamera ziliona vizuri kabisa siku ile. Waliopotezana ni watu, kwa maneno.

Ndiyo maana naona ubishi wa kuitaka VAR yote au kuikataa yote hautufikishi popote. Yako maswali mawili tofauti, na tumeyatia kwenye kapu moja. Mpira umevuka mstari au haukuvuka? Hilo lina jibu moja tu, na mtambo unalitoa mara moja: saa ya mwamuzi inatetemeka mkononi, anapuliza, watu wanaendelea na shangwe lao. Ligi Kuu ya England wanautumia tangu msimu wa 2013/14, Kombe la Dunia tangu 2014. Umewahi kukosea, siwezi kuficha. Juni 2020 kipa wa Aston Villa aliingia na mpira golini dhidi ya Sheffield United, kamera zikazibwa na miili ya wachezaji, saa haikutetemeka. Ikaisha 0-0, na Villa wakanusurika kushuka daraja kwa pointi moja. Hilo linakumbukwa mpaka leo kwa sababu ni nadra. Kuotea nako kunaelekea hukohuko, maana tangu Kombe la Dunia la Qatar kamera zinafuatilia viungo vya wachezaji na kuchora mstari zenyewe, na England wakaanza kuutumia mfumo wa aina hiyo Aprili 2025.

Lakini beki amemsukuma mshambuliaji au wamegusana tu? Ameunawa kwa kukusudia? Hapo hakuna saa ya kutetemeka. Ni maoni, na ukiyarudisha maoni kwa picha ya polepole mara nane hayageuki kuwa ukweli. Picha ya polepole ina ubaya wake wa peke yake, kwamba inampa mchezaji muda ambao hakuwa nao. Mkono ulioruka kwa nusu sekunde unaonekana kama umetumwa. Nimewaona watu wazima, wajuzi wa mpira, wakigawanyika nusu kwa nusu benchi moja baada ya kuangalia picha ileile mara sita. Sasa kama dakika nne za kusubiri zinatuacha palepale tulipokuwa, tumelipia nini?

Usiku wa Pretoria ulikuwa na swali la aina ya kwanza, likapewa chombo cha aina ya pili. Waamuzi walikuwa na picha za kuangalia, hawakuwa na kipimo. Kwa mashindano yetu ya Afrika mimi ningeanza na mstari wa goli kabla ya kuongeza hata runinga moja pembeni ya uwanja. Najua jibu litakuwa gharama. Mtambo huo unahitaji kamera nyingi zilizofungwa kwenye kila uwanja na kupimwa, na viwanja vyetu vingi bado vinahangaika na taa na nyasi. Ni hoja ya haki kwa mechi za makundi. Kwa robo fainali, nusu na fainali, ambapo viwanja vinahesabika na bao moja linaamua msimu mzima wa klabu, siikubali.

Kero ya kibendera nayo imezaliwa na hii ya kusubiri. Washika vibendera wameelekezwa kwamba penye shambulio la hatari wasinyanyue mpaka lifike mwisho, ili wakikosea VAR irekebishe. Ina mantiki, maana filimbi ikishapulizwa bao halali haliwezi kurudi. Wakosoaji wakaitwa watu wa kulalamika kwa ajili ya sekunde kumi. Mei 11, 2025, Nottingham Forest wakicheza na Leicester, mchezaji mwenza wa Taiwo Awoniyi wa Forest alikuwa ameotea, kibendera kikabaki chini, krosi ikaja, na Awoniyi, Mnigeria, akaufuata mpira kwa mbio mpaka akaigonga nguzo ya goli kwa tumbo. Alifanyiwa upasuaji, madaktari wakamlaza kwa dawa za usingizi mzito. Shambulio lenyewe lilikuwa halihesabiki tangu mwanzo. Anayeotea kwa hatua mbili, kila mtu anamwona, kibendera kinyanyuliwe hapohapo. Cha kusubiri ni kile chenye utata, na washika vibendera wenye uzoefu wanaijua tofauti hiyo kwa jicho.

Dakika za nyongeza ndiko ninakoyumba kidogo. England walipocheza na Iran Qatar 2022, kipindi cha kwanza pekee kiliongezwa dakika 14, kipa wa Iran akiwa ameumia kichwa. Wengi walikasirika. Mimi nilifurahi, kwa sababu nimekaa miaka mingi nikitazama timu inayoongoza 1-0 ikianguka mmoja mmoja kuanzia dakika ya 70, machela inaingia, mtu anatolewa nje, anarudi mbio. Muda ule umelipiwa kiingilio. Ila kwetu huku kuna jambo ambalo anayepanga ratiba Ulaya halioni. Majira yao ya baridi, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa 5 usiku kwa saa zetu. Weka mapumziko, weka ukaguzi wa mabao mawili, weka dakika tisa za nyongeza: unatoka bandani saa 7, daladala hakuna, na bodaboda wa saa 7 si wa bei ya saa 5. Anayeingia kazini saa 1 asubuhi hizo dakika tisa anazijua.

Kipa wa kulala na mpira wameshamtafutia dawa, na dawa yenyewe ndiyo inayonipa nguvu ya kuandika haya. Sheria ya zamani ilimpa sekunde sita, adhabu faulo ya kupigwa si moja kwa moja ndani ya boksi, na waamuzi karibu wote waliogopa kuitoa. Tangu Julai 2025 ni sekunde nane, mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa vidole juu, zikiisha ni kona. Hakuna kamera, hakuna chumba, hakuna kusubiri. Adhabu ikapunguzwa ili itolewe kweli, na makipa wanaouachia mpira upesi tumeanza kuwaona. Hiyo nayo ilikuwa kero ndogo, mpaka mtu alipokaa akaitafakari kama jambo zito.

Jezi sitazisemea sana. Jezi tatu kila msimu ni biashara, klabu zinakula hapo, na mzazi anaweza kusema mwaka huu hapana. Inayoniuma zaidi ni kero ya simu. Aliye na mkeka wake wa kubeti anapata ujumbe wa bao kabla runinga ya banda haijalionyesha, maana matangazo yanachelewa njiani. Anaruka peke yake, sisi bado tunaona mpira uko katikati. Halafu VAR inalifuta, tunamwona anakaa chini kabla hatujajua kwamba kulikuwa na bao. Watu sitini chumba kimoja, na kila mmoja yuko dakika yake.

Mpwa wangu ana miaka 12, huwa nakaa naye banda hilohilo Jumamosi. Mpira wa Ulaya bila VAR anaujua kwa kusimuliwa tu. Timu yake ikifunga hamtazami mfungaji, anamtazama mwamuzi, na mikono anaiweka mapajani mpaka mpira upelekwe kati. Wiki mbili zilizopita aliniuliza, "Mjomba, sasa zamani nyie mlikuwa mnajuaje kama ni goli?"

Nikamwambia tulikuwa tunamtazama mshika kibendera. Akikimbia kurudi kati, ni goli.