Kiota cha kwera: joto lina neno lake, lakini si la mwisho

Yai la ndege wengi hukua vizuri likiwa na nyuzijoto 37 au 38 za Selsiasi. Likizidi 40 kwa muda, kinda aliye ndani yu hatarini. Likishuka chini ya 25 hivi, ukuaji husimama. Hapo ndipo inapoanzia hoja kwamba ukishajua hali ya hewa, umbo la kiota unalijua pia.

Hoja hiyo ina ushahidi. Uingereza yuko ndege mdogo mwenye mkia mrefu, Aegithalos caudatus, anayeunganisha kuvumwani, yaani uoto laini wa juu ya miti na mawe, na utando wa buibui, kisha ndani anatandika manyoya yanayoweza kuzidi 1,000. Kadiri majira ya kuchipua yanavyopamba moto, tandiko hilo linapungua. Manyoya makavu hunasa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe. Yakilowa, faida hiyo kubwa inapotea.

Sasa mtazame kwera mwenye nyusi nyeupe, ndege mfumaji, Plocepasser mahali, anayepatikana hata Kenya na Tanzania. Kule Kalahari, nyika kame ya kusini mwa Afrika, ambako usiku wa kipupwe hushuka chini ya sifuri na mchana wa kiangazi hupita 40, hufuma nyasi kavu mfano wa bomba lililopinda. Kiota cha kulala kina milango miwili. Cha kutagia huzibwa mmoja. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2024 walipima viota zaidi ya 400 vya makundi 43. Kundi moja lilifuma mabomba marefu, jirani zake mafupi, hali ya hewa ikiwa ileile. Si joto, si urefu wa mti, wala si undugu wa damu uliotosha kueleza tofauti hiyo. Hata mgeni aliyehamia kundini yaelekea alijenga kwa mtindo wa wenyeji.

Kwa maoni yangu, pande hizi mbili zinapima vitu tofauti. Joto hutawala zaidi tandiko. Umbo la nje laweza kuwa desturi. Kwa hiyo anayepima kiota asitie kila kitu kwenye mzani mmoja: angoje makinda waruke, atenganishe tandiko na ukuta, apime kila kimoja kikiwa kimekauka, kisha alinganishe na joto la siku zilezile za ujenzi, si wastani wa mwezi. Ukuta mnene wa kwera huweza kuwa tabaka za nyasi za misimu kadhaa, na anayeukuta hudhani ni baridi ya mwaka huu.