Jeanty nilimwamini siku aliyokabwa

Hapa Boise, Marekani, ukitaja Fiesta Bowl, ile mechi ya mtoano ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, watu wanabadilisha mazungumzo. Mimi ndiyo mechi ninayoirudia kila nikipata nafasi.

Ilikuwa tarehe 31 Desemba 2024, Glendale, Arizona. Ashton Jeanty, mkimbiaji wa Boise State, yaani mchezaji anayekabidhiwa mpira akimbie nao, alikuwa anahitaji yadi 132 avunje rekodi ya Barry Sanders ya mwaka 1988 ya yadi nyingi za kukimbia kwa msimu mmoja wa chuo, na kwa msimu aliokuwa nao, yadi 132 ilikuwa kazi ya kawaida tu. Wapinzani, Penn State, wakamfungia njia. Akapewa mpira mara 30, akaambulia yadi 104, Boise State ikalala 31–14. Akaishia yadi 2,601, rekodi ikabaki palepale kwenye 2,628. Tena tuwe wakweli: Sanders alizipata kwa mechi 11, Jeanty alicheza 14. Nikilisema hili kazini nanuniwa.

Siku hiyo nilikuwa naangalia na jirani yangu, mzee wa Bukavu, ambaye mchezo huu bado anauona kama vurugu yenye refa. Akaniuliza: "Huyu kijana wanamgonga kila saa, mbona wanazidi kumpa mpira?"

Mzee aliuliza kitu ambacho wachambuzi wengi wanakiruka. Mkimbiaji wa chuo anaweza kukudanganya vibaya sana. Akiwa na ukuta mzuri mbele yake, anapita kwenye mwanya unaotosha kupitisha daladala, na hujui sifa ni zake au ni za wale wanaume watano waliomfungulia. Trent Richardson alitoka Alabama akiwa na yadi 1,679 msimu wa 2011, Browns, timu ya kulipwa ya Cleveland, wakamchagua wa 3 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya. Msimu wake wa pili haujafika mbali wakamuuza kwa timu nyingine, Colts. Mianya ya Alabama haikumfuata Cleveland.

Ndiyo maana namwangalia mtu siku ambayo mwanya haupo. Rudia mechi ile ya Penn State, sahau ubao wa matokeo, angalia miguu ya Jeanty. Kabla mpira haujaanza anasimama wima, mikono imening'inia, kama mtu anayesubiri basi. Anakabidhiwa, anakutana na beki hata hajafika kwenye mstari mchezo unapoanzia, bega linagongwa, kiuno kinazunguka, lakini miguu haisimami. Pale ambapo mwingine angerudi nyuma yadi mbili, yeye anaangukia mbele yadi mbili. Ana urefu wa kama sentimita 174 na uzito wa karibu kilo 96. Mfupi, mzito, na uzito wenyewe umekaa chini. Kumwangusha kwa kumshika begani ni kujisumbua.

Kwa wanaodai alionea timu dhaifu tu, mechi ya Oregon ya Septemba 2024 ipo: yadi 192 na tachidauni tatu (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja), ugenini Eugene, Boise ikapoteza 37–34. Oregon hiyohiyo ilimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa.

Sasa wasiwasi wangu. Chuoni alibeba mpira mara 750 kwa miaka mitatu, na 374 kati ya hizo ni za msimu mmoja wa mwisho. Hiyo ni nusu ya kazi yote, na kila mara moja kuna mtu anakugonga. Mwili una kumbukumbu. Isitoshe, 2023 alidaka pasi 43 kwa yadi 569, halafu 2024 zikashuka hadi 23 kwa yadi 138. Mimi sidhani mikono imeharibika. Nadhani walikuwa wanamtumia kama punda wa mizigo, basi.

Mwaka 2025 Raiders, timu ya kulipwa ya Las Vegas, walimchagua wa 6, na kwa mkimbiaji hiyo ni nafasi ya juu mno siku hizi. Ningekuwa mimi ningemchukua vilevile, ila nisingempima kwa yadi. Kwenye mechi zake naangalia jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, zimebaki yadi nane, kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Hapo mkimbiaji kazi yake ni kumzuia beki anayemzidi kilo ishirini, anayekuja mbio kummaliza kwotabeki, yule mrusha pasi. Kocha akimwacha uwanjani, nitatulia. Akimtoa, mzee wa Bukavu atanisikia nikilalamika mpaka upande wa pili wa ukuta.