Shajara ya Martha Ballard: Daftari la Madeni au Habari za Maisha?

Mwaka 1870 James North alichapisha historia ya mji wa Augusta, katika jimbo la Maine, Marekani. Alipofika kwenye shajara ya mkunga Martha Ballard, aliipitia upesi: yaliyomo ni mafupi, akasema, na isipokuwa machache, hayawahusu watu wengi. Miaka 120 baadaye mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich aliandika kitabu kizima juu ya shajara hiyohiyo, na mwaka 1991 kikampatia Tuzo ya Pulitzer.

Ni rahisi kumcheka North. Lakini anayeifungua shajara yenyewe bila mtu wa kumwongoza atamwonea huruma kidogo. Martha alianza kuandika Januari 1, 1785, akikaribia miaka 50, akaacha Mei 1812, wiki chache kabla ya kufa. Ni karibu siku 10,000. Nyingi ni hivi: mvua imenyesha, mto Kennebec umeganda, binti zangu wanafuma, nimeitwa kwa fulani, amejifungua salama. Tuseme ukweli, inachosha.

Inachosha kwa sababu Martha hakuwa akijisimulia. Alikuwa akiweka hesabu. Kila uzazi aliupa namba pembeni mwa ukurasa, na malipo yakipokelewa akatia alama. Uchumi wa Hallowell, mji aliokuwa akiishi, ulikwenda kwa kukopeshana: huyu kaleta kitambaa, yule anadaiwa siku ya kazi, mwingine atalipa shilingi mavuno yakiingia. Asiyeandika angedhulumiwa.

Na hapo ndipo ninapoachana na North. Kwa hesabu hizo tunajua kwamba Martha alizalisha mara 816 katika miaka 27 hivi, na kwamba hakuna mama hata mmoja aliyemfia wakati wa kujifungua. Waliofariki ni watano, katika siku zilizofuata. Mganga kijana wa mji, Benjamin Page, aliyewahi kumpa mama mwenye uchungu wa kujifungua dawa ya afyuni, angetaka sana kuwa na rekodi kama hiyo. Mkunga ambaye angekaa kuandika hisia zake huenda asingetuachia ushahidi huu.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya ile ya North. Wapo wanaouliza: hadithi tunayoisoma leo ni ya Martha au ya Ulrich? Maana Ulrich hakutegemea shajara peke yake. Alichimba kumbukumbu za mahakama, orodha za kodi na karatasi za mirathi, akaunganisha vipande. Martha anatoa mistari miwili, mwanahistoria anajaza kurasa ishirini.

Chukua Oktoba 1791. Sheria ya Massachusetts (Maine ilikuwa bado sehemu yake) ilimtaka mkunga amuulize msichana asiyeolewa, uchungu ukiwa umepamba moto, baba wa mtoto ni nani. Martha alimuuliza Sally Pierce, naye akamtaja Jonathan Ballard. Mwanawe Martha mwenyewe! Aliandika jina hilo kama alivyoandika majina ya watoto wa watu wengine, bila kuongeza neno. Miezi michache baadaye Jonathan na Sally wakaoana. Je, Martha aliona aibu? Alikasirika? Shajara haisemi, na anayetuambia anabuni.

Au kesi ya Rebecca Foster, mke wa mchungaji, aliyemshtaki jaji Joseph North kwa kumbaka mwaka 1789. Martha alikuwa ameambiwa mapema na Rebecca mwenyewe, na alikwenda Pownalboro kutoa ushahidi. Jaji aliachiwa huru, na Martha akaandika kwamba wote aliowasikia wakilizungumza walishangaa. Wengine husoma hapo ujasiri wa mwanamke dhidi ya wakubwa. Wengine huona tahadhari ya mtu anayejua kwamba kesho ataitwa tena nyumbani kwa wakubwa haohao. Mimi naona mistari inabeba maana zote mbili, na sioni sababu ya kumlazimisha Martha achague.

Kwa ukavu huo wa maandishi, wapo wanaosema Martha hana moyo. Wanakosea. Mwaka 1804 mumewe Ephraim, mpima ardhi aliyekuwa pia mkusanya kodi, alifungwa jela kwa deni la kodi alizoshindwa kukusanya. Martha, karibu miaka 70, alibaki bila mwanamume wa kumpasulia kuni, na Jonathan na familia yake wakahamia nyumbani kwake. Kurasa za wakati huo zina uchungu usiofichwa: baridi, kuni kuisha, mwana asiyejali. Moyo ulikuwepo, ulisubiri hesabu zivurugike.

Swali linalobaki gumu kwangu ni la uwakilishi. Martha alikuwa mzungu, alijua kuandika, mumewe aliwahi kuendesha kinu cha mbao. Wanawake Wawabanaki, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliokuwa wakinyang'anywa ardhi kando ya Kennebec hawakuacha daftari kama hilo, wala watumishi wengi waliofua nguo za wenzao. Hata hivyo, baadhi ya maskini wa Hallowell wametajwa kwa majina katika shajara hii kwa sababu tu walizaa, na mkunga alihitaji kukumbuka nani amelipa.