Roketi za kampuni binafsi: nafuu tumeiona, ila mlango umebaki mmoja

Juni 2024 wanaanga wawili wa Marekani, Butch Wilmore na Suni Williams, waliaga kwa safari ya siku nane hivi. Walirudi duniani Machi 18, 2025. Chombo kilichowapeleka, Starliner cha Boeing, kilivuja heliamu, na baadhi ya injini zake ndogo za kukielekeza zilizima kilipokuwa kinakaribia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. NASA ilipima, ikasita, ikapima tena, mwishowe ikaamua kirudi kitupu. Kikatua salama jangwani New Mexico mwezi Septemba, hakuna mtu ndani. Waliokipanda wakabaki juu miezi mingine sita, hadi chombo cha kampuni nyingine, Dragon cha SpaceX, kilipowaleta nyumbani.

Kisa hicho kimoja kinatumiwa na pande zote mbili za ubishi kuhusu kampuni binafsi na safari za anga. Anayezipinga atakwambia kampuni kongwe ilipewa mkataba wa dola bilioni 4.2 na bado ikashindwa kurudisha watu wawili. Anayezitetea atakuuliza: aliyewarudisha ni nani? Si kampuni, tena iliyopewa bilioni 2.6 kwa kazi ileile? Wote wanasema kweli. Ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi, na mimi nadhani swali limewekwa pasipo.

Kampuni si wageni huko juu. Roketi ya Saturn V iliyopeleka watu mwezini ilitengenezwa vipande vipande na Boeing, North American Aviation na Douglas, na chombo kilichotua mwezini kilitoka kwa Grumman. Kilichobadilika ni mkataba. Zamani serikali ilichora inachotaka, ikalipa gharama zote zitakazojitokeza, na juu yake ikaongeza faida ya mkandarasi. Kwa mpango huo kuchelewa hakukumuumiza mkandarasi hata kidogo. Kuanzia 2006 NASA ilijaribu njia nyingine: tunataka mizigo ifike kituoni, bei ni hii, tutalipa kadiri kazi inavyothibitika, chombo ni chenu na hasara ikizidi ni yenu. Starliner imeitia Boeing hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5. Chini ya mkataba wa zamani, bili hiyo ingemwangukia mlipa kodi.

Linganisha na SLS, roketi ya NASA ya kurudi mwezini iliyojengwa kwa utaratibu wa zamani. Mkaguzi mkuu wa NASA mwenyewe alikadiria kuwa kila safari ya mwanzo ingegharimu dola bilioni 4.1. Injini zake nne ni za aina ileile iliyokuwa ikiendesha zile ndege za anga, shuttle, zilizokuwa zikirudi na kutumika tena. Sasa zinarushwa mara moja na kutumbukia baharini. Ukishalijua hilo, ni vigumu kuitetea njia ya zamani bila kuona haya.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini roketi nyingi kwa zaidi ya nusu karne zilipanda tu. Kilichoshuka kilikuwa vyuma chakavu. Usiku wa Desemba 21, 2015, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Cape Canaveral, sehemu ya chini ya Falcon 9, roketi ya SpaceX, ilirudi. Ilikuwa imeachana na sehemu ya juu, ikajigeuza, ikawasha injini kurudi ilikotoka, ikawasha tena kupunguza kasi ilipoingia kwenye hewa nzito, ikawa inashuka huku ikijiongoza kwa mapezi manne yenye matundu kama wavu. Mwishoni injini moja kati ya tisa ikawaka, miguu minne ikafunguka, na mnara wa meta zaidi ya 40 ukasimama wima juu ya zege. Leo jambo hilo limezoeleka hata halisomwi tena kwenye habari. Mwaka 2024 roketi za Falcon ziliruka zaidi ya mara 130.

Hapa watetezi wa soko huria hupenda kuisimamisha hadithi, lakini kuna ukurasa wanaouruka. Roketi ya kwanza ya SpaceX, Falcon 1, ilishindwa mara tatu mfululizo. Ya nne ilifaulu Septemba 28, 2008, fedha zikiwa zimekaribia kwisha. Desemba mwaka huohuo NASA ikaipa kampuni hiyo mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kituoni. Yaani soko huria lenyewe lilinyonyeshwa na hazina ya taifa. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nasema kwa sababu mtu akidai serikali ikae pembeni kabisa, anasahau nani alilipa karo.

Hoja ya usalama, kwamba kampuni zitatanguliza faida na watu wafe, naiona dhaifu kuliko inavyosikika. Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003 ziliua watu 14, na zote mbili zilikuwa chini ya serikali. Haraka ya ratiba na mazoea ya kupuuza dalili haviulizi nani ana hisa. Tofauti inakuja kwenye majaribio. SpaceX hurusha, hulipua, hujifunza, hurusha tena, na kwa kampuni inayolipa hasara zake hiyo ni hesabu nzuri. Lakini Januari 2025 roketi yake kubwa, Starship, ilipasuka na vipande vikaanguka kuelekea visiwa vya Turks na Caicos, ndege za abiria zikabadilishiwa njia. Abiria wale hawakuwa sehemu ya jaribio la mtu yeyote.

Vivyo hivyo kwenye mzingo wa dunia. Starlink, mtandao wa intaneti wa setilaiti wa SpaceX, ulianza kwa setilaiti 60 Mei 2019, na sasa zaidi ya nusu ya setilaiti zote zinazofanya kazi ni za kampuni hiyo moja. Anayepata intaneti katikati ya bahari ana haki ya kushukuru. Mwanaastronomia anayekuta mistari myeupe imekatiza picha ya galaksi aliyoisubiri miezi naye ana haki ya kulalamika. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema taifa linawajibika kwa yanayofanywa huko na raia na kampuni zake, ila ulitungwa wakati setilaiti zilihesabika.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni mlango kubaki mmoja. Juni 5, 2025, katika majibizano ya mtandaoni na Rais Trump, Elon Musk, mkuu wa SpaceX, aliandika kwamba SpaceX ingeanza kukistaafisha chombo cha Dragon. Saa chache baadaye akaghairi. Katika saa hizo chache, njia pekee ya Marekani ya kupeleka watu kituoni ilining'inia kwenye hasira za mtu mmoja, na mbadala ulikuwa kurudi kuomba viti kwenye Soyuz, chombo cha Warusi. Ulaya nayo imeonja. Baada ya vita vya Ukraine kuikatia roketi za Soyuz, na roketi yake yenyewe ya Ariane 6 kuchelewa, darubini yake ya Euclid ilirushwa na Falcon 9 Julai 2023, na setilaiti zake za Galileo, za kuelekeza njia, zikafuata mwaka 2024. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa nduguye mwenyewe ni mfanyabiashara.

Kuna kazi ambazo hata kampuni kumi zikishindana hazitazigusa. Chombo cha NASA kiitwacho Europa Clipper kiliondoka Oktoba 14, 2024 juu ya Falcon Heavy kuelekea mwezi wa Jupita wenye barafu, na kitafika 2030. Nauli ilikuwa dola milioni 178, katika mradi wa takriban bilioni tano. SpaceX ilifanya kazi ya lori, na ikaifanya kwa bei ambayo SLS isingeikaribia. Lakini swali la kama kuna bahari chini ya barafu ile halina mnunuzi. Serikali ikishajiona ni mteja wa nauli tu, hilo swali litakosa mlipaji.

Kwa hiyo mimi sitaki njia ya zamani irudi. Nataka wauzaji wawili, hata kama wa pili ni ghali. Kabla NASA haijagawa mwaka 2014 mikataba ile ya kupeleka watu kituoni, walikuwepo wabunge waliotaka achaguliwe mmoja tu ili kubana matumizi. Aliyeonekana salama zaidi wakati huo, kwa umri na uzoefu, alikuwa Boeing. Ungekuwa uamuzi huo, Wilmore na Williams wangesubiri nini?

Hali ilivyo sasa haielekei huko. Novemba 2025 NASA ilitangaza kuwa safari inayofuata ya Starliner itabeba mizigo, si watu. Na kituo chenyewe kitakapomaliza kazi yake mwaka 2030, kitahitaji chombo cha kukisukuma kishuke baharini kwa utaratibu. Kazi ya kukitengeneza, kwa mkataba wa hadi dola milioni 843, imepewa SpaceX. Ila safari hii kuna kifungu tofauti na cha Dragon: kikishakamilika, chombo kitakuwa mali ya NASA, na NASA ndiyo itakayokiendesha.