Kiharusi cha Mtongani

Gego langu la chini kushoto lilianza kwa heshima zake. Lilikuwa linauma nikinywa maji baridi tu, nami nikaacha maji baridi. Likahamia kwenye chai, nikaacha chai. Mwisho likawa linauma bila hata kuchokozwa, hasa usiku, maana ukilala damu inapanda zaidi kichwani na jino lililotoboka linadunda kwa kufuata mapigo ya moyo. Nikawa nalala nimekaa kwenye kochi. Mke wangu akiamka kuswali alfajiri ananikuta nimekodoa macho gizani.

"Baba watoto, nenda likang'olewe."

"Limeshatulia," namjibu, karafuu zimenijaa shavuni.

Na karafuu inasaidia kweli, wala si imani tupu. Mafuta yake yanatia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe huyachanganya kwenye dawa ya kuzibia jino kwa muda. Ndiyo maana vyumba vyao vinanukia pilau. Fundi gereji wa mtaani kwetu yeye alinishauri niweke maji ya betri. Nikamwangalia anavyocheka: meno ya mbele hana hata moja. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nyoka naua, wanaonidai nasalimiana nao. Lakini nilipokuwa darasa la tatu walikuja wataalamu wa meno shuleni, wakaweka meza chini ya mwembe, tukapanga foleni. Aliyekuwa mbele yangu aling'olewa mawili. Mimi nilipita juu ya uzio wa michongoma, viatu nikaviacha palepale, na tangu siku hiyo nikiona koleo hata la kutengenezea baiskeli naangalia pembeni.

Shavu lilipovimba mpaka jicho likaanza kufumba, mke wangu akanikabidhi hela, akanisindikiza kituoni na akasubiri gari liondoke. Hospitali yenyewe iko upande wa Temeke, jina lake haliwahusu. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, aliyeniamkia kabla ya kunifungulisha mdomo.

"Mzee, ungechelewa kidogo tu usaha ungejaa, na penye usaha ganzi haishiki vizuri."

Akanichoma sindano mwisho kabisa wa taya. Ukweli, mbu wa Mbagala wanauma kuliko ile. Akaniambia nikakae kwenye benchi nje, ganzi ikishika ataniita.

Hapo benchini ndipo palipoharibika. Ningeitwa palepale ningeingia. Lakini kumbe ile dawa huchanganywa na adrenalini ili ikae muda mrefu, na wengine moyo unawaenda mbio kwa dakika kadhaa. Mimi sikulijua hilo, nikajua ni mwili unanionya. Halafu kutoka ndani nikasikia kitu kigumu kinadondoka kwenye bakuli la chuma. *Ting!*

Nikamuuliza mlinzi choo kiko wapi. Akanionyesha kushoto. Nikaenda kulia, kwenye geti.

Daladala la Mbagala lilikuwa linajaza. Nikabanwa kiti cha nyuma na mama mmoja mwenye ndoo ya mihogo, nikajisikia mshindi kabisa. Tulipofika Uhasibu sikuwa na mdomo. Nusu ya ulimi ilikuwa haipo, kidevu hakipo, mdomo wa chini nilikuwa nauhisi mkubwa, umelala kifuani. Naushika kwa vidole, vidole vinahisi mdomo, mdomo hauhisi vidole. Tukapita kwa Aziz Ali. Mate yanatoka, mimi sina habari.

Kituo changu ni Mtongani. Sasa jaribu kusema "Mtongani shusha" na nusu mdomo.

"Ubbonganhi thutha!"

Konda akageuka. "Unasemaje, mzee?"

"Thutha! Thutha!"

Mama wa mihogo akanitazama usoni. Akaona shavu limeelemea upande mmoja, udenda unachuruzika kwenye kola. Akaweka ndoo chini.

"Baba, hebu cheka."

Nikacheka. Kwa hisia zangu nilicheka vizuri tu, ila mtoto aliyekaa mbele yetu akajificha kwa mama yake.

"Inua mikono yote miwili."

Nikainua mmoja, mwingine umeshika shavu.

"Taja jina lako."

Nikalitaja. Sitathubutu kuandika lilivyotoka.

Akanigusa kifua, moyo unakimbia. "Jamani, kiharusi hiki! Mume wangu kilimwanza hivihivi. Suka, simamisha gari, kila dakika inahesabika!"

Sharti niseme: yule mama alifanya kila kitu sawasawa. Uso, mikono, maneno, halafu mbio hospitali, ndivyo inavyotakiwa. Tatizo ni mgonjwa. Nilijaribu kupiga kelele kwamba ni jino, na "jino" halihitaji hata midomo, lakini ulimi ulikataa, ikatoka "dhidho". Mzee mmoja akaanza kunisomea dua. Wanaume wanne wakanibeba juujuu, nikashushwa Mtongani hatimaye, palepale nilipotaka kushuka, nikatumbukizwa kwenye bajaji. Kijana fulani akachukua simu yangu akapiga namba ya juu kabisa. Namba ya juu kabisa ilikuwa ya mke wangu.

"Mama, mumeo kapooza upande."

Bajaji ikageuza. Nilipoona inakata kuelekea Temeke nikaanza kufurukuta, mama wa mihogo akanikalia miguu.

"Anatapatapa! Ongeza mwendo, mwanangu!"

Mlinzi alitupokea getini, akanikazia macho.

"Huyu si wa jino? Tumemgongea vyoo vyote!"

Kimya. Mama wa mihogo akanitazama, akamtazama mlinzi, akanitazama tena. Sijawahi kutazamwa vile hata na mkwe wangu. Akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye kiti cha daktari, akasimama mlangoni na ndoo yake.

Daktari akanigusa fizi kwa kitu chenye ncha. Sikusikia. "Ganzi ingali nzuri," akasema. Kweli, maumivu hayakuwepo, kulikuwa na kusukumwa tu na mlio wa *kr-kr* uliopitia mfupani mpaka sikioni. Kabla sijamaliza kupiga shahada, likawa limeshatoka. Nikapewa pamba niing'ate nusu saa, nisiteme, nisisukutue mpaka kesho, na nisizungumze. Kwa hiyo mke wangu alipoingia analia, na shangazi wawili nyuma yake, nilishindwa kujitetea. Mama wa mihogo ndiye aliyesimulia. Alisimulia vizuri mno.

Jioni nyumbani watu walikuwa wameshakaa mkekani, sukari na unga vimeletwa. Baba mdogo alikuwa amepanda basi Tanga mara tu alipopigiwa. Aliingia na begi lake, akanikuta nakunywa uji uliopoa, akaelezwa. Hakucheka, tofauti na wengine. Akakaribishwa ubwabwa, nami nikaona anatafunia upande mmoja, taratibu, jicho kalifumba.

"Baba mdogo," nikamnong'oneza, "jino?"

Akasema basi la kwanza la Tanga linaondoka alfajiri, na yeye hapendi kuchelewa.